Sukari inayompa nguvu bakteria wa kutupa mimba

BRUSELA ni ugonjwa wa mifugo unaowaambukiza pia binadamu, na husababishwa na bakteria wa jamii ya Brucella. Kwa ng'ombe hujulikana zaidi kama ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu huja kama homa inayopanda na kushuka, jasho jingi la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usiokwisha.

Bakteria hawa huishi na kuzaana ndani ya seli za mwili. Wataalamu wamegundua kwamba sukari wanayoipata humo ina sehemu kubwa katika kuamua ni kiungo kipi watakachokishambulia, na kwa ukali gani.

Kwa wakazi wa magharibi mwa Nairobi jambo hili haliko mbali. Barabara ya Naivasha huanzia Dagoretti Corner, inapoachana na barabara ya Ngong, ikapita Kawangware hadi Uthiru. Katika mitaa ya Dagoretti zipo familia zinazofuga ng'ombe wa maziwa katika viwanja vidogo na kuwauzia majirani maziwa. Upande wa Uthiru na Kabete ndiko iliko taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mnamo 2007, jarida la East African Medical Journal lilichapisha utafiti kuhusu brusela katika ng'ombe wa Dagoretti. Watafiti waliangalia pia mambo yanayoziweka hatarini familia zinazofuga na zile zisizofuga.

Chimbuko la jina

Bakteria huyu alipewa jina la David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyemtambua mwaka 1887 kutoka kwa wanajeshi waliofariki kwa homa kisiwani Malta. Miaka 10 baadaye, Bernhard Bang wa Denmark alimpata bakteria wa aina hiyo katika ng'ombe waliotupa mimba.

Mwaka 1905, Themistocles Zammit alithibitisha kwamba mbuzi wa Malta walikuwa wakibeba viini vya homa hiyo. Wanajeshi walipokatazwa maziwa mabichi ya mbuzi mwaka uliofuata, idadi ya wagonjwa miongoni mwao ilishuka kwa kasi.

Fumbo la kondo la nyuma

Swali moja liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mbona bakteria huyu, aingiapo katika mwili wa ng'ombe mwenye mimba, huuelekea mji wa mimba na kuzaana humo kupita kiasi?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1962, wakati Harry Smith na wenzake huko Porton, Uingereza, walipotangaza kwamba kondo la nyuma la ng'ombe lina kitu kiitwacho erithritoli. Hiki ni kileo cha sukari chenye atomi nne za kaboni, jamaa wa karibu wa sukari za kawaida. Walikikuta kwa wingi katika kondo la ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, yaani wanyama wale wale ambao brusela huwatupisha mimba. Katika kondo la binadamu, la panya na la sungura hakikuonekana hivyo.

Brucella abortus hukipenda kitu hicho kuliko hata glukosi. Vyote viwili vikiwapo, huanza na erithritoli, naye hukua upesi zaidi. Mwaka 2014 watafiti walieleza jinsi vimeng'enya vyake vinavyokigeuza hatua kwa hatua hadi kikaingia katika njia ya kawaida ambayo seli hutumia kutengenezea nishati na malighafi za jeni. Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba erithritoli huamsha pia jeni zinazomsaidia bakteria kuivamia seli. Kwa hiyo kitu hicho ni chakula na papo hapo ni ishara kwamba amefika mahali pa kufanyia kazi.

Matokeo yake ni kondo kuharibika na mimba kutoka, aghalabu baada ya mwezi wa tano. Kondo, ndama aliyetupwa na majimaji yake hubeba mabilioni ya bakteria. Anayeyashika kwa mikono mitupu yumo hatarini. Baada ya hapo ng'ombe huonekana mzima, lakini bakteria hubaki katika kiwele na kutoka pamoja na maziwa.

Kujificha ndani ya seli za ulinzi

Kwa binadamu, bakteria humezwa na makrofaji, seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kuwayeyusha wavamizi. Brusela hukwepa kuyeyushwa, akajifungia katika kifuko kidogo ndani ya seli hiyo, akazaana humo. Husafiri nayo hadi kwenye wengu, ini, uboho na viungo vya mifupa.

Humo nako sukari ni muhimu. Utafiti uliofanyiwa panya na kuchapishwa 2013 ulionyesha kwamba maambukizi yanapokuwa sugu, bakteria hujificha hasa katika makrofaji ambazo hazichomi glukosi kwa wingi, hivyo glukosi hiyo ikabaki kwa ajili yake. Bakteria walioondolewa jeni ya kuingizia glukosi walishindwa kuendelea kuishi mwilini kwa muda mrefu.

Brusela si peke yake katika mwenendo huu. Listeria, anayeambukiza kupitia chakula, hupunguza silaha zake akutanapo na sukari za mimea inayooza, kwa kuwa huko yumo udongoni. Aingiapo ndani ya seli, huwasha jeni za mashambulizi pamoja na ile ya kunyonya glukosi yenye fosfati iliyomo humo. Nao Salmonella walionyimwa uwezo wa kuvunja glukosi katika majaribio ya maabara walishindwa kuzaana vyema katika makrofaji.

Mafunzo ya chanjo

Chanjo ya ng'ombe iitwayo S19 ilitokana na bakteria waliopatikana katika maziwa ya ng'ombe wa Marekani mwaka 1923. Bakteria hao walipoteza ukali wao baada ya kusahaulika katika maabara kwa muda mrefu. Baadaye iligunduliwa kwamba wamepungukiwa na kipande cha jeni za erithritoli, na kwamba kitu kinachowanenepesha ndugu zao huwadumaza wao.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba sukari hiyo ndiyo ufunguo pekee. Bakteria wakali walioharibiwa jeni hizo kwa makusudi waliendelea kuwaambukiza panya, na wanawake wajawazito waliopata brusela wameharibikiwa na mimba ingawa kondo la binadamu halina hazina ya erithritoli. Sukari hueleza wingi wa bakteria katika kondo la mnyama, wala haielezi ukali wote wa ugonjwa.

Maana yake kwa mlaji na mgonjwa

Kwa kuwa bakteria wamejificha ndani ya seli, dawa moja kwa siku chache haitoshi. Aghalabu mgonjwa hupewa doksisaiklini kwa wiki sita, ikiandamana na rifampisini kwa muda huo huo au sindano za streptomaisini kwa wiki mbili hadi tatu. Anayekatiza dawa kwa sababu homa imeshuka huwapa bakteria nafasi ya kurudi.

Tatizo jingine ni utambuzi. Dalili zake hufanana na za malaria na homa ya matumbo. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumiwa na vituo vya afya nchini Kenya hakikuwa cha kutegemewa, na kiliwatangaza kuwa wagonjwa watu wengi ambao vipimo bora havikuwathibitisha. Ni vyema mgonjwa aulize kama matokeo yake yamethibitishwa kwa kipimo cha pili kabla ya kuanza dawa za wiki sita.

Kinga yenyewe ni rahisi. Brusela hufa maziwa yanapochemshwa, au yanapopashwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 kama wafanyavyo wasindikaji. Maziwa ya kugandisha nayo yachemshwe kwanza, maana uchachu peke yake si dhamana. Mfugaji avae glavu anapomzalisha ng'ombe, na kondo au ndama aliyetupwa azikwe kwenye shimo refu au achomwe, wala asitupiwe mbwa. Ng'ombe akitupa mimba, daktari wa mifugo aitwe achukue damu kwa uchunguzi kabla maziwa yake hayajauzwa tena.