Kisu cha fundi na silabusi yetu

Wenzangu, siku moja tulikuwa tereni, pembeni ya Ziwa Kisale. Asubuhi ya kwanza kisu changu cha dukani kikajikunja, nachonga tu vijiti vya hema. Mzee mmoja mvuvi akanipa chake: kifupi, kinene mgongoni, mpini wa mti uliokuwa mweusi kwa jasho la miaka. Nikamuuliza alikinunua wapi. Akacheka: "Mutoto wangu, hiki hawakiuzishe ku soko. Fundi alikipima ku mukono wangu."

Njo nikajiuliza: sisi mu darasa tulifundishwa nini? Tuliambiwa metali ya Katanga inaanza 1906, mwaka Union Minière ilizaliwa. Utafikiri mbele ya hapo hakukuwa mtu aliyejua moto.

Makaburi yanasema tofauti. Mu 1957 na 1958 watafiti walichimba Sanga, pale pale karibu na Kisale. Walikuta wafu wamezikwa na vyungu, mapambo ya shaba na vyuma vya kazi. Kule Kamilamba, mu bonde lile lile la Upemba, kaburi moja la zaidi ya miaka 1,000 lilikuwa na fuawe, kile chuma ambacho fundi anapigia chuma kingine, pamoja na shoka la heshima. Watu hawamziki mkubwa wao na chombo cha kazi ya aibu. Hata nyakati za ufalme wa Waluba, wanawake walivaa mu nywele pini za chuma zenye umbo la fuawe. Fundi alikuwa mtu wa karibu na utawala, hakuwa kibarua.

Sasa nini kilikufa? Tutofautishe kazi mbili: kuyeyusha na kufua. Reli ilifika Elisabethville mu 1910, na chuma cha kiwanda kikaingia kwa urahisi. Kodi na machimbo vikavuta vijana. Pole pole matanuru ya kuyeyusha mawe ya chuma yakazimika. Lakini kufua hakukufa. Fundi alibadilisha tu malighafi: leo anachukua resori ya gari bovu.

Na hapo hakuna bahati nasibu. Resori nyingi ni chuma chenye kaboni karibu 0.6%, kiasi kinachofaa kwa kisu cha porini. Fundi anakipasha moto hadi rangi nyekundu, anakipiga, anakipasha tena, kisha anakitumbukiza mu mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu, lakini kinaweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo anakirudisha ku moto mdogo, hadi chuma kilichosuguliwa kionyeshe rangi ya majani makavu. Sisi tunaandika hapo digrii 200 na kitu. Yeye anasoma rangi, tena kivulini, kwa sababu jua linadanganya macho.

Kabla ya yote anakuuliza: unaenda kufanya nini nacho? Kuchuna nyama, kupasua samaki, kukata miti? Anatazama na kiganja chako. Mu kitabu chetu tunaita hiyo hesabu ya mahitaji ya mteja, na tunapata pointi kwa kuitaja.

Wenzangu, hatari iko hapa. Ile mikono haina silabusi. Yule mzee aliniambia fundi wake amezeeka, na watoto wake wote wako mjini. Fundi akienda, kisu kitabaki, lakini maelezo yatakwenda naye, sawa na ya kuyeyusha.

Kila mwaka tunakimbizana na mada za TFC, nyingine zimeandikwa mara kumi. Wewe wa historia, wewe wa metalurjia, shukeni pamoja kwa fundi wa kwenu. Mvukutieni moto, mumuulize, mpime, muandike. Na jina lake, kama amekubali, liwe ku ukurasa wa kwanza, hapo tunapowashukuru maprofesa.