Nairobi: Programu ya 1899 na Viraka Vyake

Leo nawapumzisha na mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze historia. Msinikimbie, kompyuta zitaingia humo humo.

Sisi waandishi wa programu tuna balaa moja tunayoijua vizuri. Unaajiriwa, unakabidhiwa programu iliyoandikwa na mtu aliyeondoka zamani. Inafanya kazi, lakini kila ukigusa huku, kule kunaharibika. Ukichimba sana unakuta chanzo chake ni dhana aliyokuwa nayo mwandishi wa kwanza, siku ya kwanza. Labda alidhani kampuni haitapata wateja zaidi ya mia. Wateja wakafika laki moja, na tangu hapo ni kiraka juu ya kiraka.

Jiji letu la Nairobi ni programu ya aina hiyo. Hebu tuitafute dhana yenyewe.

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Mei 1899. Wamasai walipaita Enkare Nyirobi, yaani mahali pa maji baridi. Wahandisi hawakuwa wakitafuta mahali pa kujenga jiji. Walitaka uwanda wenye maji, wa kuegesha mabehewa na kujenga karakana, kabla reli haijaanza kupanda milima na kuteremka Bonde la Ufa. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na miaka michache baadaye serikali ya kikoloni nayo ikafuata.

Basi kituo kikageuka mji. Wazungu wakachukua vilima vya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu na miti. Wahindi wakakaa Ngara na Parklands. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi ambao mvua ikinyesha maji hayaendi popote. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alipendekeza jamii hizi zitenganishwe, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ikatengwa rasmi kuwa mtaa wa Waafrika.

Dhana iliyokuwa chini ya haya yote ni hii: Mwafrika mjini ni mgeni. Ni mwanamume, yuko peke yake, mke na watoto wako shambani, na kazi ikiisha atarudi kwao. Kipande kilichoning'inia shingoni mwake kilikuwa cha kuhakikisha hivyo. Mtu kama huyo anahitaji nini? Nafasi ya kitanda. Hahitaji jiko, hahitaji shule ya watoto, na hahitaji basi kwa sababu atatembea.

Hata hivyo, mkoloni huyo huyo alielewa jambo moja ambalo sisi tumelisahau. Shirika la reli lilijenga nyumba za wafanyakazi wake Muthurwa, na baadaye Makongeni, karibu na karakana. Halikufanya hivyo kwa huruma. Lilitaka wafanyakazi wafike kazini kwa wakati, na lilijua kuwa mtu anayelala mbali huchelewa. Vyumba vilikuwa vidogo na vya watu wengi, wala sivisifu. Lakini aliyepanga nyumba ndiye aliyepanga pia safari ya kwenda kazini. Kwake lilikuwa swali moja.

Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa jiji, ulioandikwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Jina lake lenyewe liliita Nairobi mji mkuu wa kikoloni. Mwaka 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji. Mitaa kama Kaloleni ilijengwa kwa fikra mpya kidogo, kwamba Mwafrika anaweza kuishi mjini na familia yake. Lakini Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali iliendesha Operesheni Anvil, ikakamata maelfu ya watu na kuwapeleka vizuizini, na wengine ikawarudisha mashambani. Dhana ya zamani ilikuwa hai bado: mgeni anaweza kufukuzwa wakati wowote.

Uhuru ulipokuja 1963, mipaka ya jiji ilipanuliwa hadi karibu kilomita 700 za mraba, na masharti ya kuwazuia watu yakaondoka. Watu wakaja, na wakaja na familia. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286. Ile ya 1999 ikahesabu 2,143,254, na ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Wateja wamejaa kwenye programu, jameni, na muundo ni ule ule: ofisi katikati, wafanyakazi mashariki, na barabara chache za kuwaunganisha.

Sasa naomba msome aya hii polepole. Mwaka 1973 mambo matatu yalitokea. La kwanza, mpango mpya wa ukuaji wa jiji ulikamilika, nao ulipendekeza kazi na biashara zitawanywe katika vituo vingine mbali na katikati ya jiji. La pili, jumba la KICC lilifunguliwa, ghorofa 28, papo hapo katikati. La tatu, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ile waliyotakiwa kuwa nayo wenye mabasi.

Umeona? Mpango ulisema tutawanye kazi. Jumba likasema kazi zinabaki katikati. Halafu matatu ikaambiwa ibebe tofauti iliyopo kati ya hayo mawili. Mpango kwa sehemu kubwa ulibaki kwenye karatasi. Jumba na matatu viko hadi leo.

Kabla ya hapo matatu ilikuwa ya kujificha. Jina linatokana na senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi, iliyokuwa nauli ya mwanzoni. Mabasi ya KBS, yaliyoanza katika miaka ya 1930, yalikuwa na kibali cha peke yao kutoka kwa baraza la jiji, lakini hayakuweza kufuata watu kila walikokwenda. Na watu walikwenda mbali! Mwaka 1975 ulianza mradi wa Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti 6,000 zenye maji na choo, mwenye ploti ajijengee mwenyewe. Wazo lilikuwa zuri, maana maskini alipewa pa kuanzia. Lakini ploti ziko mashariki ya mbali na kazi ziko katikati. Ilibidi mwenye nyumba apangishe vyumba ili mambo yaende, na mpangaji alipe kodi ya chumba na nauli ya kila siku. Hapo ndipo maswali mawili yalipotenganishwa. Nyumba zikawa na ofisi yake, usafiri ukawa na yake, na hawasalimiani.

Tangu hapo ni viraka. Nyayo Bus ilianzishwa 1986, na haikumaliza miaka ya 1990. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilibomolewa. Watu waliokuwa wamejitafutia makao karibu na riziki yao wakafukuzwa kama wageni. Februari 2004 zikaja sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mwisho abiria 14. Usalama uliongezeka, lakini safari ilibaki na urefu ule ule. Mwaka 2012 Barabara Kuu ya Thika ilikamilika. Mwaka 2018 mstari mwekundu ulichorwa juu yake kwa ajili ya mabasi ya kasi, na mabasi hayakuja. Desemba mwaka huo huo kaunti ilipiga marufuku matatu katikati ya jiji. Watu wakatembea, wazee na wajawazito, na marufuku ikasitishwa mara moja. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Nzuri sana ukiwa na gari na pesa ya ushuru. Lakini safari nne hivi kati ya kumi katika jiji hili hufanywa kwa miguu.

Nimewaahidi kompyuta. Kuanzia 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, waliwatuma wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu za GPS, wakarekodi kila njia na kila steji. Mradi uliitwa Digital Matatus, na data yake iliwekwa wazi kwa wote. Nilipoifungua mara ya kwanza nilitulia kidogo. Njia zaidi ya 130, na karibu zote zinakimbilia shimo moja, katikati ya jiji. Ukitaka kutoka mtaa wa mashariki kwenda mtaa wa kaskazini, mara nyingi unapitia kwanza katikati na kulipa nauli mara mbili. Ile dhana ya 1899 ilichorwa hapo kwa rangi.

Kwa nini nahangaika na haya leo? Kwa sababu tumeanza kujenga tena. Tangu 2023 mshahara wetu hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Mimi sipingi nyumba. Anayelala chumba kimoja na watoto wanne anazihitaji jana. Lakini nyumba ya bei nafuu ambayo nauli yake inakula robo ya mshahara haina unafuu. Na nauli yenyewe mwaijua, wingu likitanda tu inapanda.

Kwa hiyo napendekeza jaribio dogo, kama tunavyojaribu programu kabla ya kuitoa. Wakikuonyesha picha ya nyumba mpya, uliza: atakayeishi hapa atafikaje kazini, kwa dakika ngapi, kwa shilingi ngapi? Wakikuonyesha barabara mpya, uliza: nani anaishi kando yake, na ataivukaje? Mradi usio na majibu ni kiraka kingine.

Wewe mtaani kwenu wamejibu hayo maswali?