Umekwisha Kula?

Mfilipino akirudi kwao kutoka ughaibuni, mama yake hamuulizi kwanza amechuma kiasi gani. Humuuliza: "Kumain ka na?" Yaani, umekwisha kula? Hata akijibu ndiyo, haimsaidii kitu. Atakula tu.

Kabla ya kula kuna heshima. Kijana huushika mkono wa babu na wa bibi, akaugusisha kwenye paji la uso wake. Hii huitwa mano. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuhitaji maelezo zaidi.

Sasa tazama mezani, maana historia ya nchi ile imepakuliwa hapo. Wali upo, bila wali mtu hahesabu kwamba amekula. Kuna sinigang, mchuzi mchachu wa ukwaju. Kuna pancit, tambi zilizoletwa na Wachina waliokuja kufanya biashara. Kuna adobo, nyama iliyopikwa kwa siki na vitunguu saumu. Jina adobo ni la Wahispania, waliotawala tangu 1565 hadi 1898, lakini wenyeji walikuwa wakipika kwa siki kabla Mzungu hajatia nanga. Hebu fikiria, bwana: mtu anakuja kwako, anakula kwako, halafu chungu chako anakipa jina lake! Hata hivyo Wafilipino hawakusahau mikono yao. Siku ya furaha hutandika majani ya mgomba, wakamwaga wali na kitoweo juu yake, wote wakala kwa mkono. Huo ndio mlo wa kamayan.

Lakini huyu anayerudi, aliondoka kwa nini?

Baada ya Mhispania alikuja Mmarekani, akatawala hadi 1946. Mwaka 1906 wanaume 15 walipelekwa Hawaii kukata miwa, na nyuma yao wakafuata zaidi ya laki moja. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla, na Uarabuni ukaanza ujenzi mkubwa. Nyumbani kazi hakuna, na serikali inataka fedha za kigeni. Mwaka 1974, chini ya Rais Ferdinand Marcos, sheria mpya ya kazi iliweka mpango rasmi wa kupeleka wafanyakazi nje. Ulianza kama dawa ya muda, lakini haujaisha hadi leo. Mwaka 2023 pekee walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 33.

Anayerudi huitwa balikbayan. Balik ni kurudi, bayan ni nchi au mji wa mtu. Neno hili lilienea baada ya serikali kuanzisha mpango, mwaka 1973, wa kuwaalika walioko nje waje kutembea. Naam, kutembea! Hapo ndipo penye uchungu. Huja na boksi kubwa la sabuni, chokoleti, viatu na nyama za kopo. Mtoto aliyemwacha ananyonya sasa anajificha nyuma ya bibi. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyo akiwa ndiye mwenyeji mwenyewe?

Haya yananigusa. Dada yangu yuko Uarabuni, huu ni mwaka wa tatu. Mtaani wanamsifia, eti ametutoa. Kweli, bati jipya ni lake, na ada ya mdogo wetu ni yake. Lakini kila Idi mama hupakua sahani moja ya ziada, akaifunika kwa kawa. Jioni tunaila sisi, hakuna anayesema neno.

Nikijaliwa kuandika riwaya yangu, sitaanzia uwanja wa ndege, mahali wengi wetu tunapopenda kuanzia. Nitaanzia jikoni, kwa yule anayepika bila kujua ni wangapi watakaokuwepo. Na siku dada akishuka kwenye gari na maboksi yake, sitamuuliza ameleta nini. Nitamuuliza lile swali la Wafilipino.