Mwitu usio na msitu

Mwitu ni msitu wenyewe, lakini neno hili likibandikwa nyuma ya jina huacha miti yake na kubaki na sifa moja tu: kisichofugwa wala kulimwa. Ndivyo tulivyopata paka mwitu, mbwa mwitu na, kwa wataalamu wa kilimo, soya mwitu. Huyu wa mwisho hana habari na msitu. Hutambaa kandokando ya mito na mashamba huko China, Korea na Japani, akijisokota kwenye nyasi, na punje zake nyeusi ni ndogo mno: 100 hazizidi gramu chache.

Ndani ya punje hizo mafuta ni takriban asilimia 10. Za soya ya shambani hufika 20 hivi. Mkulima wa kale aliyeanza kulima soya hii ya mwitu hakuwa na kipimo cha mafuta. Huenda alichagua punje nono tu, msimu baada ya msimu, na jeni zikafuata. Mojawapo, GmSWEET10a, husaidia kuvusha sukari kutoka ganda la mbegu hadi kwenye kiinitete, na sukari hiyo ndiyo malighafi ya mafuta. Punje zikanenepa, mafuta yakaongezeka, protini ikapungua.

Majina ya kisayansi nayo ni kichekesho. Soya ya shambani ni Glycine max. Aliyebaki na jina Glycine soja ni yule wa mwitu! Mimi ningemwita soya pori.