Kitufe cha kuwashia (Linux)

Kitufe cha kuwashia kompyuta ya Linux kikibonyezwa mara moja hakikati umeme; hutuma ishara tu, na programu ya systemd-logind huamua la kufanya. Uamuzi umo katika faili /etc/systemd/logind.conf, mstari wa HandlePowerKey: poweroff huzima kompyuta, hibernate huhifadhi kwanza yaliyomo kwenye RAM katika diski, na huhitaji eneo la swap la kutosha. Mazingira ya eneo-kazi ya GNOME hukishika kitufe hiki yenyewe badala ya logind, jambo linalowachanganya wengi. Umeme ukikatika, hibernate huokoa kazi kabla betri haijaisha. Kitufe kikishikiliwa sekunde kadhaa, kompyuta huzimika papo hapo.