Waya wa 1960 bado uko kazini Buzuruga

Umeme ukikatika Buzuruga, Mwanza, kisha ukarudi kwa kishindo, si kila seva ndogo huamka salama. Ile iliyofichwa nyuma ya kaunta ya duka la jumla haina skrini wala kibodi, na mtandao wake haujawaka, kwa hiyo kuitafuta kwa Wi-Fi ni kujichosha. Fundi hutoa waya kwenye begi, upande mmoja USB, upande wa pili kichwa cha pini tisa. Anachomeka kwenye tundu la seva, anafungua programu ya PuTTY, anabonyeza Enter. Maandishi yanaanza kushuka kwenye skrini nyeusi ya laptopu, na seva inasema yenyewe imekwama wapi. Mara nyingi ni ukaguzi wa diski unaosubiri kujibiwa ndiyo au hapana.

Kiwango cha waya huo, RS-232, kimeutangulia Uhuru wetu kwa mwaka mmoja. Kilitolewa Marekani mwaka 1960 ili mashine za kuchapia ziweze kuzungumza na modemu. Kupeleka herufi kwa vipande vinavyofuatana ni jambo la zamani zaidi: Mfaransa Émile Baudot alisajili mfumo wake wa telegrafu mwaka 1874, na hadi leo kasi ya tundu hilo huhesabiwa kwa baudi, kipimo chenye jina lake. Teletype Model 33, iliyotoka 1963, ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Seva nyingi ndogo za sasa hutumia kasi ya 115,200, yaani herufi 11,520 kwa sekunde, kwani kila herufi hubeba vipande kumi pamoja na alama za kuanza na kukoma.

Sisi tulipitia mlango mwingine. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa serikali wa mahesabu kwa kompyuta ulipoharibika, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Miaka minne baadaye kampuni ya DEC ikatoa VT100, skrini na kibodi za kuongea na kompyuta kubwa iliyo chumba kingine. Enzi hiyo ilitupita pembeni. Ndiyo maana, nadhani, mafundi wengi wa Mwanza hulijua tundu hili kupitia waya wa bluu wa ruta za Cisco tu.

Kwa kazi ya kuongea na seva, nyaya tatu zinatosha. Kwenye laptopu pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 ni graundi. Kompyuta mbili zikiunganishwa moja kwa moja, 2 na 3 lazima zipishane, la sivyo zote zinasema na hakuna anayesikiliza. Kasi ikikosewa, skrini hujaa herufi zisizosomeka. Hilo halidhuru kitu. Volti ndizo zinazoua. RS-232 huweza kufika 15, chanya na hasi, ilhali pini za kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huvumilia 3.3 tu. Pi ina adapta yake ya nyaya za rangi, na ile nyekundu huachwa ikining'inia kama bodi imeshapata umeme wake.