Jaji wa Kichwani

Tarehe 27 Septemba 2015, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin huku soli za ndani za viatu vyake zikiwa nje. Sitanii. Zilichomoka viatu vyote viwili, zikawa zinapigapiga kwenye vifundo vya miguu kila alipokanyaga lami. Tafuta video utaziona. Miguu ilichubuka hadi ikatoa damu. Hakusimama kuzing'oa. Alimaliza wa kwanza kwa saa 2 na dakika 4 kamili, sekunde 5 chini ya muda wake bora wa wakati huo.

Stori hii kwa kawaida tunaisimulia kama stori ya uvumilivu, eti Wakenya wa milimani hawasikii uchungu. Mimi kila nikiitazama naona kitu kingine. Huyu ni mtu aliyekuwa na kila sababu ya kujifungulia kesi barabarani: mbona viatu hivi, mbona leo, nitawaambia nini watu. Mwili wake hauonyeshi kesi yoyote. Mabega yametulia, mguu unatua palepale unapotua siku zote. Shida iko, inaonekana, inaumiza, na yeye anaendelea na hatua inayofuata.

Je, hali hiyo inafundishika? Kuna mtu aliyejaribu kujibu swali hili kwa maandishi, na wala hakuwa wa riadha. Kitabu chake nilikipata inama, yaani wale wauzaji wa vitabu wa kando ya barabara hapa Nairobi ambao lazima uiname ndio uone bidhaa. Jalada limekunjika, ndani kuna jina la mwenye kitabu wa zamani lililofutwa kwa kalamu nyeusi. The Inner Game of Tennis, cha W. Timothy Gallwey, kilitoka Marekani mwaka 1974. Mimi na tenisi hatujuani, ule ni mchezo wa watu wenye kadi za klabu. Lakini nilikisoma kwenye matatu hadi nikapitishwa steji.

Gallwey alikuwa nahodha wa timu ya tenisi ya Chuo Kikuu cha Harvard, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akifundisha mchezo huo California. Alifundisha kama makocha wote: kunja goti, tazama mpira, raketi nyuma, usikaze mkono. Akaanza kugundua jambo lililomsumbua. Kadiri alivyosema mengi, ndivyo wanafunzi walivyokakamaa. Makosa mengine yalijirekebisha yenyewe kabla hajayataja. Mengine yalizidi pindi alipoyataja.

Siku moja akaamua kunyamaza. Alikuwa na mwanafunzi mgeni kabisa wa tenisi. Akamwambia atazame tu, kisha akapiga mipira kumi bila maelezo yoyote. Mwanafunzi akasema jambo la kwanza aliloliona ni jinsi kocha alivyosogeza miguu. Halafu akachukua raketi, akapiga. Karibu kila kitu kilikuwa sawa, mkono, raketi, mzunguko wa mwili. Kitu kimoja tu kilikataa kabisa, nacho ni miguu, ambayo ilibaki imegandia chini. Kile kimoja alichokuwa amekigeuza kuwa maneno na kujiamuru akifanye ndicho kilichomshinda!

Kutokana na mambo kama hayo Gallwey akasema ndani ya mchezaji kuna wawili. Nafsi ya Kwanza ndiyo inayoongea: inaamuru, inatukana, inatoa alama. Nafsi ya Pili ndiyo inayofanya kazi yenyewe, yaani mwili na yote ambayo mwili umeshayajua. Ya Kwanza haimwamini mwenzake hata kidogo. Ni kama yule abiria anayekaa kiti cha mbele na kumfundisha dereva kuendesha, kutoka Rongai hadi tauni.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mfanyabiashara mmoja aliyemjia Gallwey akilalamika kwamba anarudisha raketi juu mno kabla ya kupiga. Alijua hivyo kwa sababu makocha watano walikuwa wamemwambia. Gallwey akampeleka mbele ya kioo cha dirisha, akamwambia afanye vile afanyavyo siku zote. Jamaa akajitazama, akashtuka: kumbe kweli inapanda juu! Makocha watano wamemwambia, ameirudia mwenyewe kama wimbo, na bado hakuwa ameiona. Alichokuwa nacho ni hukumu ya raketi yake. Baada ya kuiona aliibadilisha muda mfupi tu baadaye, na mwisho wa somo akashindwa kukumbuka Gallwey alikuwa amemfundisha nini.

Watu wengi hudhani dawa ya kujihukumu ni kujisifu. Simama mbele ya kioo, jiambie wewe ni simba, wewe ni malkia. Mitandao imejaa hizo. Gallwey aliipinga dawa hiyo tangu 1974. Aliwahi kusifu kundi la akina mama waliokuwa wakifanya mazoezi, akiwaambia kwamba hakuna hata mpira mmoja ulionasa kwenye wavu. Mipira iliyofuata ikaanza kunasa, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja sasa alikuwa akijilinda asiwe wa kuiharibu sifa. Jaji anayekusifu ni yuleyule, amebadilisha tu faili.

Kwa hiyo akawapa wanafunzi wake kibarua kidogo cha kuishughulisha ile Nafsi ya Kwanza. Mpira ukigusa chini, sema "dunda". Ukigusa raketi, sema "piga". Basi. Dunda, piga, dunda, piga. Ili useme kwa wakati lazima uutazame mpira, na ukiutazama mpira hupati nafasi ya kujitazama wewe. Hakuwaambia wasahau makosa. Mpira ukitoka nje umetoka nje, na ni vizuri kujua umetoka kwa kiasi gani. Kinachoachwa ni ile sentensi inayofuata, ile ya "mimi huwa siwezi".

Kitabu kiliuza zaidi ya nakala milioni moja na kikasafiri mbali na tenisi. John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, aliupeleka mtindo huo kwenye makampuni ya Uingereza, na mwaka 1992 akachapisha Coaching for Performance. Ukiitwa leo kwenye semina ya ofisi, hapo Westlands au Upper Hill, ukaulizwa maswali ya upole kuhusu malengo yako, ujue asili yake kwa sehemu ni kule kwenye viwanja vya California. Tofauti ni kwamba baada ya yale maswali kuna fomu ya tathmini, na inajazwa na bosi. Sijui Nafsi ya Pili inajitetea vipi hapo.

Kuna tahadhari ya pili, nzito kuliko hiyo. Kabla ya Gallwey, Mjerumani Eugen Herrigel alikuwa ameandika kitabu maarufu kuhusu upigaji mishale wa Japani, kilichotoka mwaka 1948. Alifundisha falsafa Sendai kati ya 1924 na 1929, akajifunza upinde kwa mwalimu Awa Kenzo, na akaandika jinsi mshale unavyojiachia wenyewe mtu akishajisahau. Mtafiti wa Kijapani Yamada Shoji ameonyesha kwamba sehemu ya mafumbo yale huenda ilizaliwa na tafsiri mbovu, kwani mwalimu na mwanafunzi hawakuwa na lugha moja. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwaka 1937, baada ya kujifunza kujisahau kote huko, Herrigel alijiunga na chama cha Wanazi. Kuna mambo ambayo mtu anapaswa kujihukumu kwayo, tena vikali. Kupiga mpira nje si mojawapo, na nadhani ubora wa Gallwey ni kwamba mifano yake inabaki uwanjani.

Lakini kuna swali ambalo hakulichimba sana: huyu jaji aliajiriwa na nani? Hapa Kenya tunajua, kwa sababu tulikuwepo akiajiriwa, asubuhi, kwenye paredi. Shuleni kwetu matokeo yalisomwa kwa sauti kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho walisubiri jina lao juani kama watu wote. Ripoti fomu ilikuwa na mstari wake: nambari fulani kati ya fulani. Mtihani wa KCPE, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, ulilea kizazi kizima kikijua alama zake kuliko kinavyojua kilichokuwa kwenye vitabu. Muulize Mkenya wa miaka arobaini alipata ngapi. Atakuambia papo hapo.

Na kabla ya hapo kulikuwa na kile kibao. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza katika Decolonising the Mind, mwaka 1986: mtoto akikamatwa akiongea lugha ya mama alipewa kitu cha kushika, naye akampa atakayemkamata, hadi jioni wote wajulikane. Shule nyingi ziliendelea nacho muda mrefu baada ya uhuru, wengine walikiita diski, wengine monto. Mtoto anajifunza kuusikiliza mdomo wake kabla haujafunguka. Ndiyo maana hadi leo Mnairobi akifika Mombasa anaanza kwa kuomba radhi, "Kiswahili changu ni kibovu," kabla hata hajauliza bei ya madafu. Muuzaji hajauliza. Ni yule jaji, amesafiri naye kwenye SGR.

Sasa niende Iten. Mwaka 1976, miaka miwili baada ya kitabu cha Gallwey, mtawa kutoka Ireland aitwaye Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Hana mbinu, hana cheti, kwa hiyo alifanya alichoweza: alisimama kando ya uwanja wa vumbi akatazama. Amekuwa akieleza kwamba waliomfundisha ukocha ni wakimbiaji wenyewe. Mikononi mwake akapita Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988, na baadaye sana David Rudisha.

Rudisha alitolewa kwenye nusu fainali ya mashindano ya dunia ya 2009, Berlin. Mwaka uliofuata, mjini humohumo, akavunja rekodi ya dunia ya mita 800. Kisha ikaja London, tarehe 9 Agosti 2012. Kwenye Olimpiki hakuna mtu wa kulipwa kukuongozea kasi, kwa hiyo fainali nyingi huwa za kuviziana, kila mtu akichungulia bega la mwenzake. Rudisha alikaa mbele tangu mwanzo na hakuondoka. Dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia.

Irudie ile video, lakini usimtazame yeye. Tazama wale saba walio nyuma. Hakuna aliyepata nafasi ya kuvizia wala kupiga hesabu, ilibidi kukimbia tu. Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18, akawa wa pili kwa 1:41.73, na alibebwa kwa machela akitoka uwanjani. Wa mwisho kabisa alikuwa Mwingereza, Andrew Osagie. Alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008. Shuleni kwetu wangemsoma juani: nambari 8 kati ya 8.